Makarani wa Kichwani na Hesabu ya Pamba

Novemba, mawingu yanapoanza kupanda kutoka upande wa Ziwa Victoria, swali ni lilelile katika nyumba nyingi za Bariadi, mkoani Simiyu: mwaka huu pamba ekari ngapi, mahindi ekari ngapi, na ile mbuga nyeusi ya bondeni ingoje dengu au ilimwe mpunga? Baba hujibu kwa sauti ya mtu aliyepiga hesabu. Mara nyingi hajapiga. Amekumbuka tu, na kumbukumbu ina mambo yake ambayo hata mwenye kichwa hayaoni.

Bei za pamba zinaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba mbegu ilikuwa Sh1,200 kwa kilo, lakini bei ya dunia ikaporomoka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wa Simiyu wakakaa miezi wakidai fedha zao. Mwaka 2020 msimu ulifunguliwa kwa Sh810. Mwaka 2022 ulifunguliwa kwa Sh1,560, na mwaka 2023 kwa Sh1,060. Mkulima akiulizwa mwaka gani pamba ilimtupa, si ajabu akataja 2023 kabla ya 2020, ingawa Sh1,060 ni kubwa kuliko Sh810. Ni kweli gharama za dawa na vibarua hazikukaa pale pale katika miaka hiyo, lakini hilo peke yake halitoshi kueleza uchungu wenyewe.

Maelezo mengine yamo katika kazi ya Wolfram Schultz, mtaalamu wa ubongo aliyewachunguza nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda. Katika ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, ambayo wengi huiita kemikali ya raha. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walionyesha kwamba kazi yake ni ya kihasibu zaidi. Nyani alipopata tone asilolitarajia, seli zake za dopamini zilichachamaa. Alipopata tone alilokwisha kulizoea, seli zilikaa kimya. Tone lililotarajiwa lilipokosekana, zilishuka chini ya kiwango chake cha kawaida. Kwa maneno mengine, ubongo hupima pengo kati ya kilichotarajiwa na kilichokuja, na kwa pengo hilo hujifunza nini cha kufanya safari ijayo.

Ndiyo maana Sh1,060 iliyokuja nyuma ya Sh1,560 huonekana kama wizi, na bei hiyo hiyo ingekuja nyuma ya Sh810 ingepigiwa vigelegele. Mkulima anayepanga msimu mpya kwa uchungu wa jana anapanga kwa pengo, hapangi kwa bei. Dawa yake ni ya darasa la tano: ajumlishe bei za misimu kadhaa na kugawa. Bei nne zilizotajwa hapo juu zina wastani wa Sh1,157 hivi. Ukilinganisha na wastani huo, mwaka 2023 haukupungua kwa Sh500 bali kwa kama Sh100. Pengine bado dengu ni uamuzi bora kwake. Lakini sasa anaamua kwa Sh100, na Sh100 haimng'oi mtu shambani kwa hasira.

Watafiti wanaochunguza kumbukumbu hupenda kuanza na Henry Molaison. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford, Marekani, kijana huyu wa miaka 27 alifanyiwa upasuaji wa kutuliza kifafa. Daktari William Scoville alimwondolea sehemu za ndani za ubongo, kulia na kushoto, pamoja na sehemu kubwa ya kiungo kiitwacho hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Mtu aliyetoka chumbani na kurudi baadaye alikuwa mgeni kwake. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku ya kwanza mstari ulienda upogo. Siku ya tatu ulinyooka, na Henry hakukumbuka kuwa aliwahi kuifanya kazi hiyo. Mkono ulikumbuka; mwenye mkono hakukumbuka.

Kwa lugha ya ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kichwani hamna mtumishi mmoja. Yumo karani, ambaye ofisi yake ni hipokampasi: anaandika nani, wapi, lini. Yumo kuli, anayekaa ndani zaidi katika sehemu iitwayo striatamu: hajui kusoma daftari, lakini mwili wake unajua njia kutoka mzani hadi kwenye lori hata gizani. Yumo pia mlinzi, amigdala, ambaye kazi yake ni kupiga filimbi. Wote watatu hupiga kura mtu anapoamua, na hakuna anayejitambulisha kwa jina.

Kwamba karani na kuli ni watu wawili tofauti kulithibitishwa na jaribio ambalo mkulima wa Itilima angelielewa haraka kuliko msomaji wa Upanga jijini. Mwaka 1996 Barbara Knowlton, Jennifer Mangels na Larry Squire walichapisha matokeo ya mchezo wa kubashiri hali ya hewa. Mshiriki alionyeshwa kadi zenye maumbo, akaulizwa: mvua au jua? Kadi hazikusema kweli kila mara. Nyingine zilielekea mvua, nyingine jua, kama mawingu yenyewe. Wagonjwa waliopoteza uwezo wa kukumbuka matukio walijifunza kubashiri vizuri, ila wakashindwa kueleza kadi walizoziona. Wagonjwa wa Parkinson, ambao striatamu zao zimeathirika, walikuwa kinyume chake: kadi walizikumbuka, lakini katika awamu za mwanzo kubashiri hakukuwaingia.

Hapo ndipo pa kupimia neno la mzee anayetoka nje alfajiri, anatazama upepo na rangi ya upeo wa macho, kisha anasema leo itanyesha. Hawezi kueleza ameonaje. Si uchawi wala si ubishi; ni kuli wake aliyefundishwa na maelfu ya asubuhi, kila moja ikijibiwa jioni yake. Neno la namna hiyo lina uzito. Lakini mzee huyo huyo akisema kwa uhakika ule ule kwamba Juni bei ya pamba itapanda, asikilizwe kwa adabu na apimwe upya. Bei hujibu mara moja kwa mwaka, na inajibu kutoka soko la dunia. Katika miaka arobaini ya kulima, mtu amepata majibu arobaini tu, na kila jibu lilikuwa na sababu yake. Kuli hajifunzi kwa mafunzo machache hivyo. Kwa mvua ya leo, mzee. Kwa msimu mzima, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa uongezwe. Kwa bei, daftari.

Na hapa wapo watakaosema: Wasukuma hawakuhitaji daftari kukumbuka. Wana hoja, tena kubwa. Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1932 habari za mchunga ng'ombe mmoja wa Swaziland, Eswatini ya leo. Aliulizwa kuhusu ng'ombe ambao mwajiri wake alikuwa amewanunua mwaka mmoja nyuma. Akawataja mmoja mmoja: rangi, muuzaji, bei. Vilipolinganishwa na vitabu vya mwajiri, makosa yalikuwa mawili madogo tu. Bartlett aliona kwamba hiyo haikuwa akili ya ajabu; ng'ombe ndio waliokuwa roho ya maisha ya watu wale, na kumbukumbu hushika kinachopendwa.

Mtu aliyewahi kukaa pembeni mwa mnada wa mifugo huko Meatu hatashangaa. Ng'ombe ana rangi, pembe, mama, tabia, na aliyemuuza ana jina na ukoo. Karani wa kichwani ana mahali pengi pa kutundikia kumbukumbu hiyo. Kilo ya pamba haina pembe. Magunia ya mwaka juzi yanafanana na ya mwaka jana, chupa ya dawa ya tatu inafanana na ya nne, na baada ya misimu miwili karani huchanganya kurasa. Kwa hiyo mzee aaminiwe kuhusu nasaba ya mtamba, na daftari liaminiwe kuhusu pamba. Si kudharau kumbukumbu ya Kisukuma; ni kuipumzisha mahali ambapo hakuna binadamu anayeweza.

Daftari lenyewe lisiwe la kitaalamu. Madaftari mengi ya mradi huachwa ukurasa wa tatu kwa sababu yaliandaliwa na mtu asiyelima. Tarehe ya kupanda, ekari zilizopimwa kwa kamba na si kwa macho, aina ya mbegu, mara ngapi dawa ilipigwa na kwa nini, kilo zilizopita mzanini, bei, makato, na kitu ambacho wengi hukisahau: siku fedha ilipoingia mkononi. Baada ya 2019 hakuna haja ya kumweleza mtu wa Simiyu tofauti kati ya bei iliyotangazwa na fedha iliyofika. Uzalishaji wa nchi nzima ulishuka kutoka tani karibu 349,000 msimu wa 2019/20 hadi tani karibu 122,000 msimu uliofuata. Mvua nyingi na wadudu walichangia, lakini kumbukumbu ya kudai nayo haikukosa nafasi yake shambani.

Kuli naye ana matatizo yake. Kwa miaka mingi pamba ilipandwa kwa sentimita 90 kati ya mistari na 40 kati ya mashimo. Bodi ya Pamba imekuwa ikihimiza 60 kwa 30, na Balozi wa Pamba Aggrey Mwanri amezunguka vijijini akiisema kwa vichekesho na kwa kamba mkononi. Hesabu yake haina mjadala: ekari moja kwa nafasi ya zamani hupata mashimo kama 11,000, kwa mpya zaidi ya 22,000. Wakulima wameelewa. Mkutanoni wakiulizwa hujibu kwa pamoja. Kisha wanaingia shambani na mguu unapiga hatua ile ile ya 90.

Si ukaidi. Anthony Dickinson na wenzake wa Cambridge, katika miaka ya 1980, walionyesha kwamba panya aliyezoeshwa mno kubonyeza kitufe ili apate chakula huendelea kubonyeza hata chakula hicho kikishageuzwa cha kumchefua. Mazoea yakishakomaa hayaulizi tena faida. Na kuyabadilisha kunataka marudio: Phillippa Lally wa London aliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujenga zoea jipya la kila siku, akaona kwamba kwa kawaida ilichukua kama siku 66, waliowahi walitumia 18, na wazito ilikadiriwa wangefika 254. Sasa mkulima hupanda pamba siku chache tu kwa mwaka. Akitegemea mguu uzoee wenyewe, atakuwa babu.

Kwa hiyo mguu usiachiwe kazi hiyo. Kamba yenye mafundo kila sentimita 30 na vijiti viwili vyenye urefu wa sentimita 60 huchukua uamuzi kutoka kwa kuli na kuuweka kwenye kitu kisichozoea. Afisa ugani aliyepewa saa mbili na kijiji angefanya vyema kutumia dakika kumi kuhutubia na muda uliobaki watu wapande wenyewe mstari baada ya mstari, kwa sababu maneno huenda kwa karani na mkono hufundishwa kwa mkono. Na kabla hawajatawanyika, awaulize badala ya kuwarudia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma upya. Somo linalorudiwa kwa maswali wiki inayofuata, tena siku ya kupalilia, hukaa. La siku moja lenye soda na biskuti huisha na soda.

Mlinzi ndiye mgumu kuliko wote, maana anafanya kazi nzuri. James McGaugh wa California alitumia miongo mingi kuonyesha kwamba homoni za hofu na msisimko, kupitia amigdala, hukoleza kumbukumbu ya kilichotokea. Mtoto aliyefukuzwa na fisi hapaswi kuhitaji somo la pili. Lakini mlinzi hajui kuhesabu. Mkulima aliyepiga dawa moja tu iliyokuwa feki, akawatazama funza wa vitumba wakila shamba zima, humbeba funza huyo miaka kumi. Na misimu minane ambayo dawa ilifanya kazi haina picha, kwa hiyo haina sauti. Mwaka wa mafuriko unakumbukwa kwa jina, El Niño. Mwaka wa mvua ya wastani hauna jina. Amos Tversky na Daniel Kahneman waliandika mwaka 1973 kwamba watu hukadiria uwezekano wa jambo kwa wepesi wa kulikumbuka. Ndiyo maana mtu anaacha zao zima kwa sababu ya siku moja, au analiingilia kwa pupa kwa sababu jirani wa Dutwa alinunua pikipiki baada ya kuuza choroko.

Filimbi ikilia isikilizwe, kisha liulizwe swali la hesabu: katika misimu kumi, hili limetokea mara ngapi? Ikiwa daftari halijafika misimu kumi, majirani watano wana misimu mingi kati yao. Hapa pana tahadhari. Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha mwaka 1974 kwamba neno moja ndani ya swali hubadilisha kumbukumbu: waliotazama filamu ya ajali na kuulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipopondana" walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa "yalipogusana". Anayeuliza "ile dawa ilikuangusha sana, eti?" ameshalijibu swali lake. Aulize "ulipata kilo ngapi?" na anyamaze.

Ndivyo pia nyumbani. Baba mara nyingi hukumbuka bei, kwa kuwa ndiye aliyesimama mzanini. Mama hukumbuka Februari, kwa kuwa ndiye aliyepima unga. Zote ni kumbukumbu za msimu mmoja, na uamuzi wa ekari unaofanywa kwa moja tu ni nusu ya uamuzi. Utaratibu unaofaa ni kila mmoja ataje hesabu yake kabla ya kusikia ya mwenzake, pengine hata kuiandika pembeni. Maana baba akishasema kwa sauti kubwa kwamba mahindi yalitosha hadi Machi, kumbukumbu ya mama itaanza kujikunja bila yeye kujua. Watoto walio shule waandike.

Lini waamue? Desturi ni kuamua mvua zinapoanza, wakati ghala limeshaanza kupungua. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao uliwapima wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa wamekaukiwa na baada ya mavuno wakiwa na fedha. Watu wale wale, akili zile zile, walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno. Upungufu ulikuwa umekikalia kichwa.

Karibu zaidi na nyumbani, Busia, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu mpango ulioitwa SAFI. Wakulima walitembelewa mara tu baada ya mavuno, fedha zikiwa mkononi, wakapewa nafasi ya kulipia mbolea ya msimu ujao papo hapo na kuletewa bila nauli. Nafasi hiyo ndogo iliongeza matumizi ya mbolea karibu sawa na punguzo la nusu ya bei lililotolewa baadaye, fedha zilipokwisha kutawanyika. Kilichobadilika zaidi ni siku ya kuamua.

Kwa Simiyu, siku hiyo ni kati ya Juni na Agosti. Pembejeo za pamba kwa kawaida hupitia AMCOS, lakini kuna mengi ambayo hayamo humo: bomba la kupulizia linalovuja, jembe la ng'ombe lililolegea, mbegu za mahindi, sare za shule za Januari. Yatengenezwe au yanunuliwe fedha ikiwa na joto, hata kama yatakaa stoo miezi minne. Wenyeji wanaijua hekima hii kwa njia nyingine. Viazi hukatwa vikakaushwa kuwa michembe wakati hakuna mwenye njaa. Ngitili, yale malisho yanayofungwa mvua zikiwa bado zinanyesha ili yafunguliwe kiangazi, ni uamuzi unaofanywa na watu wenye shibe kwa niaba ya watu watakaokuwa na shida, watu wale wale. Mpango wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, sehemu kubwa ya Simiyu ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ulifufua maelfu ya hekta za ngitili kwa kujenga juu ya desturi hiyo iliyokuwapo tayari.

Linabaki shamba lenyewe, ambalo nalo hutunza kumbukumbu kwa muda mfupi. Kanuni za zao hilo zinataka miti ya pamba ing'olewe na kuchomwa ifikapo Septemba 15, ili wadudu wasivuke kwenda msimu mpya. Kabla ya kuwasha kiberiti, mkulima apite na kamba yake ya mafundo mistari mitatu: mmoja katikati ya shamba, mmoja kando ya njia, mmoja upande wa bonde. Ahesabu mashimo yaliyoota na yaliyokufa, ahesabu vikonyo vya vitumba vilivyofunguka kwenye miti kumi ya kila mstari, na aandike palepale, amesimama. Baada ya moto, kitakachobaki ni kile ambacho mlinzi na karani watakubaliana kukisimulia mwezi Novemba.